Lenzi nyepesi ya kuvuta kwa kamera ya fulufremu: maswali ninayoulizwa hapa Lamu

Lamu mjini kazi ya picha ni kazi ya miguu. Kutoka Mkomani mpaka Langoni ni vichochoro, kwenda Shela ni boti au kuufuata ufuo, na begi la kamera linakaa begani tangu alfajiri hadi magharibi. Ndiyo maana vijana wanaoanza kazi hii, na hata wageni wanaoshuka uwanja wa ndege wa Manda na kamera mpya, wananiuliza swali lile lile: lenzi gani ya kuvuta mbali nitaibeba kutwa bila kuichukia? Nimeyakusanya maswali yao hapa. Majibu yanahusu kamera za fulufremu, zile zenye sensa (kipande kinachonasa picha) ya milimita 36 kwa 24.

Nyepesi ni gramu ngapi hasa?

Mpaka wangu ni gramu 900. Lenzi ikizidi hapo, kufikia alasiri naanza kutafuta baraza la kuiweka.

Ili upate kipimo, lenzi za 70-200 (hizo ni milimita; zikizidi, lenzi inavuta mbali zaidi) zenye f/2.8 (namba ya tundu la lenzi; ikiwa ndogo, mwanga mwingi unaingia) za siku hizi, ambazo watengenezaji wamejitahidi kuzipunguza, nyingi bado ziko juu ya kilo: Canon RF iliyotoka 2019 ni gramu 1070 bila kola ya stendi, na Sony GM II ya 2021 ni gramu 1045. Sony 200-600 ina gramu 2115. Hizo ni lenzi nzuri sana, na mwenye gari la kupigia picha mbugani hana sababu ya kuziogopa. Hapa petu gari hilo halipo.

Kwa miaka mingi nilikuwa na lenzi moja ya kilo moja na nusu. Ukiongeza kamera na betri za akiba, bega lilikuwa linabeba zaidi ya kilo mbili. Siku moja ya mashindano ya mashua nilikuwa nimechoka na kazi ya harusi ya usiku uliotangulia, nikaiacha nyumbani nikashuka ufukweni na lenzi fupi. Mashua mbili zikagongana foromali, ile miti inayobeba matanga, mbele ya macho yangu, mabaharia wakaning'inia nje kuzitenganisha, na katika picha zangu wanaonekana kama sisimizi. Lenzi yenyewe haikuwa na kosa. Ilikuwa nzito tu, basi siku niliyoihitaji haikuwepo. Tangu hapo uzito ndio jambo la kwanza ninaloangalia kwenye karatasi ya vipimo.

Nichukue inayofika 200, 300 au 400?

Hapa ndipo wengi wanapokisia, na hakuna haja ya kukisia. Hesabu ni hii: chukua umbali wa kitu kwa mita, zidisha kwa 36, kisha gawanya kwa milimita za lenzi. Jibu ni upana, kwa mita, utakaoingia kwenye picha. Kwa kimo, tumia 24 badala ya 36.

Mashua ikiwa mita 100 kutoka uliposimama, lenzi ya 200 inachukua upana wa mita 18 na kimo cha mita 12. Lenzi ya 300 inachukua mita 12 kwa 8. Lenzi ya 400 inachukua mita 9 kwa 6.

Sasa iweke mashua ya mita 10 ndani ya hesabu hiyo. Kwa 200 inajaza zaidi kidogo ya nusu ya picha, tanga linaingia lote na bahari inabaki ya kutosha kuonyesha upepo unatoka wapi. Kwa 300 mashua inajaza picha, lakini ncha ya foromali huenda ikakatika, kwa hiyo unasubiri isogee mbali. Kwa 400 mashua yote haiingii tena: unapiga watu walio ndani yake, nahodha na usukani wake, baharia aliyekaa kwenye ubao wa pembeni akiulaza mwili nje kuzuia chombo kisipinduke.

Hizo ni picha tatu tofauti, wala si picha moja iliyokuzwa. Jiulize unapenda kupiga ipi. Mimi nilipopitia picha zangu za mwaka mzima niliona nyingi za ufukweni ziko kati ya 150 na 300, na za 400 ni chache ila ndizo watu wanazozikumbuka. Fanya vivyo hivyo na picha zako kabla hujatoa pesa, kwa sababu kila faili ya picha huhifadhi milimita ulizotumia.

Lenzi ya f/8 si itakuwa na giza?

Swali zuri, na jibu linategemea saa.

Jua la pwani saa sita mchana ni kali kiasi kwamba kwa f/8 na ISO 400 (ISO ni wepesi wa sensa kwa mwanga) unapata shata, yaani muda wa kunasa picha, ya 1/1600 ya sekunde. Hiyo inatosha kugandisha matone ya maji yanayoruka kwenye omo ya mashua. Kwa hiyo Canon RF 100-400, ambayo ukiivuta hadi mwisho inakuwa f/8, mchana haina tatizo lolote.

Jua likishuka mambo yanageuka. Ukipita wakati wa mwanga wa dhahabu ukaingia ule wa buluu baada ya adhana ya magharibi, kupata 1/500 kwa f/8 kunaweza kukupeleka ISO 6400. Mwenye f/4 mahali pale pale yuko ISO 1600, kwa kuwa f/4 inaingiza mwanga mara nne ya f/8. Kamera za sasa zinaivumilia 6400, lakini rangi ya mbao na ngozi inapauka, na mteja anayetaka kuchapisha picha kubwa ataiona tofauti. Anayepiga zaidi alfajiri na jioni achukue f/4 na aridhike na 200. Anayepiga mchana, michezo ya majini na ndege, achukue urefu.

Na ule ukungu mzuri nyuma ya mtu, nitaupata bila f/2.8?

Utaupata. Gawanya milimita kwa namba ya f uone upana wa tundu la lenzi. 200 kwa f/4 ni milimita 50. 400 kwa f/8 ni 50 vilevile. 300 kwa f/6.3 ni karibu 48. 200 kwa f/2.8 ni 71, kwa hiyo f/2.8 inashinda, lakini si kwa kiasi cha kukufanya ubebe nusu kilo zaidi kwa sababu hiyo tu. Msogeze mtu mbali na ukuta ulio nyuma yake. Hatua tano za mtu zinafanya kazi kubwa kuliko tofauti ya lenzi.

Je, kitulizaji mtikiso ni lazima?

Ukisimama nchi kavu kinasaidia sana. Ukiwa ndani ya boti kinasaidia kidogo, kwa maana kinachoyumba si mkono peke yake, ni wewe, chombo na unayempiga picha. Hapo dawa ni shata ya 1/1000 au zaidi, magoti yalegee, na viwiko visiegemee ukingo wa boti yenye injini, la sivyo mtetemo wote wa mashine unapanda kwenye kamera.

Angalia pia kamera yako. Lenzi kadhaa nyepesi hazina kitulizaji ndani yake: Tamron 70-300, Tamron 70-180 ya kwanza, Nikon Z 70-180. Zinategemea kile kilicho ndani ya kamera. Sony A7 ya kwanza ya 2013, Canon R na Canon RP hazina kitulizaji cha ndani. Mwenye kamera kama hizo achague lenzi yenye chake.

Kamera yangu ni ya kampuni fulani. Ipi inanifaa?

Canon R. Ziko mbili ninazozipendekeza bila kusita. RF 70-200 f/4 ina gramu 695, na ikifungwa ni fupi kama kikombe kikubwa cha chai, chini ya sentimita 12. RF 100-400 f/5.6-8 ya 2021 ina gramu 635, na ilitoka kwa dola 649 za Marekani, bei ambayo kwa urefu huo ilinishangaza, ndiyo ninayoitumia. Inakaribia vitu vizuri pia: naweza kujaza picha na ua moja la nakshi ya mlango nikiwa ng'ambo ya kichochoro. Kasoro yake ni kwamba haikuzibwa dhidi ya vumbi na maji, na kofia ya jua inauzwa kando. Hapa kwetu kofia hiyo inunue, kwa ajili ya mchanga kuliko kwa ajili ya jua.

Sony. Aliye na bajeti atazame FE 70-200 f/4 G II ya 2023, gramu 794, inayopiga vitu vidogo hadi nusu ya ukubwa wake halisi kwenye sensa. Asiye nayo achukue Tamron 70-300 f/4.5-6.3, gramu 545, nyepesi kuliko zote nilizozitaja. Kijana mmoja wa Langoni anaitumia kwa harusi za mchana na sijawahi kumsikia akilalamika bega. Tamron 70-180 f/2.8 G2 ya gramu 855 ndiyo njia ya kupata f/2.8 bila kuvuka mpaka wangu, na hiyo ya pili imewekewa kitulizaji. Jua tu kwamba lenzi za kampuni nyingine kwenye Sony hazipokei telekonveta (kipande cha kuongeza urefu kinachokaa kati ya lenzi na kamera), na kamera zenye kasi kubwa kama A9 na A1 hushuka hadi picha 15 kwa sekunde.

Nikon Z. Z 70-180 f/2.8, gramu 795. Tamron 70-300 iko pia kwa maunti (kiungo cha lenzi na kamera) ya Z, gramu 580. Z 100-400 ya Nikon yenyewe ni zaidi ya kilo 1.3, na hapo siyo nyepesi tena.

Panasonic na wengine wa maunti ya L. Lumix S 70-300, gramu 790, ina kitulizaji. Sigma 100-400 ni kama gramu 1135: imepita mpaka wangu, lakini kwa ndege inastahili.

Nje ya mpaka huo nataja nyingine moja tu, Tamron 50-400 ya Sony na Nikon, kilo 1 na gramu 155 kwa ile ya Sony. Inachukua nafasi ya lenzi mbili, na lenzi usiyoibadilisha ufukweni ni lenzi isiyoingiza mchanga.

Nimeona lenzi ndogo zaidi na rahisi. Mbona hukuitaja?

Pengine ni ya sensa ndogo. Itaingia kwenye kamera yako, lakini kamera itakata picha au pembe zitakuwa nyeusi. Soma herufi: Sony huandika FE kwa fulufremu na E peke yake kwa sensa ndogo, Nikon huandika DX, Canon RF-S au EF-S, Sigma DC, Tamron Di III-A. Nimeona watu wawili wakinunua Sony E 70-350 wakidhani wamepata bahati. Ni lenzi safi kabisa, ila si ya kamera zao.

Lenzi ya zamani na adapta je?

Kwa Canon ni njia nzuri sana. EF 70-200 f/4 ya 1999 ina gramu 705, na ile yenye kitulizaji ya 2006 ina 760, na zikikaa kwenye adapta ya Canon zinafokasi kama zilizozaliwa nayo. Kwa Nikon, AF-P 70-300 ya fulufremu ya 2017, gramu 680, inafanya kazi vizuri na FTZ, adapta ya Nikon. Epuka zile za Nikon zenye kuendeshwa na mota ya kamera, maana FTZ haina mota hiyo na utazungusha fokasi kwa mkono.

Telekonveta inasaidia?

Mchana tu. RF 100-400 na ya 1.4 inakuwa 560 kwa f/11. RF 70-200 zilizotoka 2019 na 2020 hazipokei kabisa. Kabla ya kununua telekonveta jaribu kwanza kukata picha: kamera ya megapikseli 45 ukiikata kwa kipimo cha sensa ndogo inabaki na megapikseli kati ya 17 na 20, nyingi kuliko gazeti linavyohitaji. Ya megapikseli 24 inabaki na kama 10, ambazo zinatosha simu na albamu ndogo.

Niko Malindi na napenda ndege. 200 itatosha?

Haitatosha, na nakwambia ukweli ili usijute. Kuna yule ndege mweupe na mweusi, mla kaa, wa Mida Creek. Urefu wake ni kama sentimita 40. Akiwa mita 30, lenzi ya 200 kwenye kamera ya megapikseli 24 inampa kama pikseli 440 kati ya 6000 za upana. Ya 400 inampa karibu 890. Ya kwanza ni alama kwenye tope, ya pili ni ndege mwenye jicho.

Kwa mlango wa mto Sabaki, ambako flamingo na buabua hukaa mbali kwenye mchanga, 400 ndiyo mwanzo. Keremkerem wanaporuka makundi kwa makundi wakienda kulala, hata 200 ina kazi, kwa sababu hapo unapiga kundi na mbingu. Msitu wa Arabuko-Sokoke ni habari nyingine: ndani kuna kivuli kizito, na f/8 itakutesa.

Maji kupwa na kujaa yanafanya kazi kuliko lenzi. Fika wakati maji yanajaa, kaa kimya mahali pamoja, bahari iwasogeze ndege kwako.

Kwa nini picha zangu za mchana kutoka Shela ni laini hata nikitumia stendi?

Ni mazigazi. Mchanga uliochomwa na jua unapasha hewa iliyo juu yake, hewa hiyo inacheza, na lenzi ndefu inakuza mchezo huo pamoja na kitu unachopiga. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayolitibu hilo. Sogea karibu, panda juu, au rudi asubuhi. Watu wameuza lenzi nzima kwa kosa la hewa.

Chumvi na mchanga: lenzi nyepesi zinavumilia?

Karibu zote nilizozitaja hurefuka unapovuta, na lenzi inayorefuka inavuta hewa. Hewa ya hapa ina chumvi, na wakati wa kusi ina mchanga pia. Kwa hiyo mazoea ni muhimu kuliko maneno ya kwenye boksi. Ufukweni sibadilishi lenzi. Nikimaliza naifuta nje kwa kitambaa kilicholowekwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukamuliwa sawasawa, kisha kwa kikavu, ikiwa bado imefungwa. Kioo cha mbele napuliza kwanza ndipo nafuta, kwani chembe moja ya mchanga chini ya kitambaa ni msasa.

Usiitoe kamera kutoka chumba chenye kiyoyozi ukaifungua papo hapo nje. Ukungu utashika kioo, na wa ndani huwezi kuufuta. Iache begini, zipu imefungwa, nusu saa.

Kuvu ndiyo adui wa polepole. Lenzi iliyofungiwa kabatini miezi mitatu kwa unyevu wa pwani inaota. Boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana na vipakiti vya silika linatosha. Na itoe, itumie, ipate mwanga.

Nikinunua iliyotumika niangalie nini?

Mimi niliwahi kulipa pesa nzuri Mombasa kwa lenzi iliyong'aa nje kama mpya. Nilipoimulika kwa tochi nyumbani nikaona nyuzi za kuvu zimetanda kama utando wa buibui. Muuzaji hakushika simu tena. Kwa hiyo beba tochi yako: mulika kutoka nyuma, tazama kutoka mbele, lenzi ikiwa wazi. Ivute na kuirudisha mara kumi usikilize kama mchanga unasaga. Ielekeze chini uone kama inateremka yenyewe. Ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, upige kitu cha karibu na cha mbali kwa kila urefu. Ndipo utume M-Pesa.

Lenzi ndefu inaniruhusu kupiga watu bila wao kujua?

Inakuwezesha, ruhusa ni kitu kingine. Mama aliyeketi darini au mlangoni kwake yuko nyumbani, hata kama wewe umesimama njiani mita mia mbali. Msalimie, ngoja akuitikie, omba. Akikataa, shukuru upite. Wavuvi na manahodha wengi hukubali kwa furaha, hasa ukiwaletea picha. Ukizoea kuiba sura za watu kwa 400, mji mdogo kama huu utakujua kwa wiki moja, na mlango utafungwa kwako na kwa wenzako pia.

Nakuja Maulidi. Nibebe nini?

Kwa mbio za punda na mashindano ya mashua, 70-300 au 100-400. Mji umeelekea mashariki, upande wa Manda: asubuhi jua liko mbele yako na vyombo vinatoka vivuli vyeusi, alasiri liko nyuma yako na matanga yanawaka. Chagua saa kwa hilo. Kwenye mbio za punda simama mahali njia inapokunja, wanakujia uso kwa uso, na 200 inatosha.

Usiku, karibu na msikiti wa Riyadha, iache lenzi ndefu nyumbani. Chukua ya 35 au 50 yenye f/1.8, na kaa nyuma ya wazee.